Mwanamke Aliyekaa Mlangoni kwa Mamosa

Mamosa alipata habari za yule mwanamke kabla hajamtia machoni. Jirani yake Puseletso alipita mbio na blanketi kichwani, akapiga kelele dirishani bila hata kusimama.

"Funga mlango wako! Kuna mwanamke wa bondeni anazunguka kijijini, anaulizia farasi!"

Kisha akapotelea kwenye theluji.

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Pale Ha Letuka, kijiji cha Wasotho juu milimani, mtu wa bondeni ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Matatiele, na hakuna aliyewachukia watu wa bondeni kama Mamosa. Miaka mitatu nyuma, mume wake Ntsane alitoka asubuhi kwenda kuangalia kondoo malishoni. Jioni akarudishwa amelazwa juu ya mlango wa mbao uliong'olewa mahali fulani, na matundu mawili ya risasi kifuani. Kondoo wao arobaini na mmoja hawakuonekana tena. Mdogo wake Ntsane, Sekhobe, aliapa mbele ya chifu kwamba aliwaona wezi kwa macho yake, watu wa bondeni, wakiteremka na kondoo kuelekea mpakani. Basi ikawa hivyo. Tangu siku hiyo Mamosa akisikia mtu anaongea kwa lafudhi ya kule chini, hata awe mchuuzi wa sindano, alimgeuzia kisogo.

Akatia komeo. Akakaa karibu na moto, akaongeza vipande viwili vya mavi makavu ya ng'ombe, akasikiliza. Alisikia mlango wa kwa Puseletso ukigongwa, kisha sauti za kufukuzana. Halafu nyayo zikaja kwake, taratibu, zikizama na kung'oka.

"Hodi wenyewe."

"Hakuna wenyewe," Mamosa akajibu.

"Na anayenijibu ni nani, paka?"

"Nenda zako, mama. Hapa hatupokei watu."

"Nimeona. Nimegonga milango minne. Kijiji kizima kimeugua ububu." Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, Kisotho chake kizuri lakini kinatoka kooni kama anatema mbegu. "Nataka sehemu ya kukaa mpaka theluji ipungue. Sili chakula chako. Silali kwenye kitanda chako."

"Kwa chifu kuna nafasi."

"Mke wa chifu amenimwagia maji."

"Basi rudi ulikotoka."

Mamosa akadhani amekwenda. Kisha akasikia kitu kizito kikiegemea mlango, na ile sauti ikaja kutoka chini, usawa wa kizingiti.

"Nimekaa hapa. Nitafia hapa hapa mlangoni kwako. Kesho utafungua mlango uende kujisaidia, nitakuangukia ndani kama gogo. Utawaeleza polisi. Jina langu Nofezile, uwaambie vizuri, wasiliharibu."

"Unanitisha?"

"Nakuarifu."

Mamosa alikaa. Alihesabu moyoni, akaacha, akahesabu tena. Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka kileleni kwa sauti anayoijua, ile ya siku ambazo ndege huanguka kutoka hewani wakiwa wamekakamaa. Alimtukana yule mwanamke, akamtukana na Ntsane kwa kufa na kumwachia mlango wa kuamua peke yake. Kisha akaondoa komeo kwa hasira kiasi kwamba Nofezile kweli alianguka ndani, mgongo kwanza.

"Usiguse kitu," Mamosa akasema.

"Kuna nini cha kugusa?" Nofezile akajibu akiwa bado chini, akitazama dari.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, amevaa koti la kiume na mabuti ya mpira yaliyojaa theluji. Begani alikuwa na kamba ya kufungia farasi, mpya kabisa, na mfukoni karatasi zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikaa upande wa mlangoni bila kukaribishwa motoni. Meno yalimgongana kwa muda mrefu, naye aliyabana kwa kiburi ili yasisikike.

Mamosa alimwacha hivyo kwa muda. Baadaye akasukuma kigoda kwa mguu mpaka karibu na moto.

"Kaa hapo. Ukifa una kazi ya kuzikwa, na ardhi imeganda."

Habari zake zilitoka kwa vipande, tena kwa ugomvi. Farasi wake, jike la kijivu, aliibwa wiki mbili zilizopita usiku wa mvua. Wanawe wawili wako Cape Town na hawapokei simu yake siku za kazi. Polisi wa mpakani walimwandikia maelezo yake, wakamwambia asubiri. Alisubiri siku nane. Siku ya tisa akachukua kamba, akapanda gari mpaka mpakani, akavuka, akaanza kutembea kijiji hadi kijiji akiuliza. Theluji ikamkuta njiani, na simu yake ikaisha chaji.

"Peke yako?" Mamosa akauliza, na mara akajuta kuuliza, maana swali lilitoka kama la mtu anayejali.

"Ulitaka nije na jeshi?"

"Nyie ndio wezi. Halafu mnakuja huku juu kutafuta wezi."

"Sisi nani? Mimi nimekuibia nini?"

"Mmeniulia mume."

Mamosa akamsimulia kwa sentensi nne, kavu, macho yakiwa kwenye moto. Alingoja pole ili apate nafasi ya kuitupa. Haikuja pole.

"Kwani mimi ndiye niliyempiga risasi?" Nofezile akasema. "Nina bunduki hapa kotini? Nipekue. Kwetu pia tumezika. Mtoto wa shangazi yangu alikatwa kichwa kwa shoka, na watu wote walisema Wasotho. Nimekuja na shoka nyumbani kwako?"

"Umekuja na mdomo. Unatosha."

Jioni ile Mamosa alisonga ugali, akauweka na mboga kwenye bakuli lililovunjika mdomo, lile la kumwekea mbwa kabla mbwa hajafa. Nofezile alilitazama bakuli, akamtazama Mamosa, akala mpaka mwisho.

"Ugali wako una mabonge," akasema akirudisha bakuli.

*

Asubuhi ya pili theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Mamosa aliposukuma mlango akasikia kondoo wakilia vibaya. Paa la kibanda chao lilikuwa limelala. Kondoo saba ndio mali yote aliyobakiwa nayo, saba aliowanunua mmoja mmoja kwa kufua nguo za walimu, na sasa walikuwa chini ya nyasi, fito na theluji.

Alichukua beleshi akakimbia. Alichimba kama kichaa, akirusha theluji nyuma yake bila kuangalia, mpaka mtu akafoka:

"Unanifukia mimi! Rusha kulia!"

Nofezile alikuwa nyuma yake na sinia la chuma la kupepetea, anachota theluji kwa hilo. Hakuombwa. Walichimba bila kusemezana isipokuwa matusi madogo madogo: sogea, siyo hapo, una macho wewe, nyanyua fito, nyanyua nimesema. Walimtoa wa kwanza hai, wa pili hai. Wa tatu shingo ilikuwa imevunjika. Nofezile aliingia kifudifudi chini ya fito zilizobaki, miguu tu ndiyo inaonekana, akawa anawasukuma nje kwa nyuma mmoja baada ya mwingine huku akiwatukana kwa Kikhosa. Sita walipona.

Mikono yake ilitoka imechanika na fito, damu inachuruzika kwenye theluji. Mamosa alimwingiza ndani, akampasha maji, akamfunga vidole kwa vitambaa. Alimfunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kondoo wako wote sita wana pengo moja sikio la kushoto," Nofezile akasema. "Na jingine dogo chini yake."

"Ni alama yetu. Ya Ntsane. Pengo kubwa na pengo dogo."

"Farasi wangu ana kovu shingoni, chini ya singa, upande wa kulia. Waya wa uzio ulimkata akiwa mdogo. Nilimshona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Ukipitisha kidole unahesabu vifundo vinane."

"Sijakuuliza."

"Nakwambia hivyo hivyo."

Mchana wa siku hiyo Sekhobe akaja. Alikuwa mtu mnene wa shingo, mcheshi, anayependwa na kijiji kizima kwa sababu ndiye mwenye maksai, na nusu ya mashamba ya Ha Letuka yalilimwa na maksai wake. La Mamosa pia. Alikuja kwa miguu, theluji ikimfika magotini, akihema. Mamosa alishangaa kidogo. Sekhobe hata kwenda dukani, hatua mia mbili, huwa anapanda farasi.

Hakuingia. Alisimama mlangoni akimtazama Nofezile vile mtu anavyotazama uchafu uliomwagika.

"Shemeji, nimeambiwa sikuamini. Umemweka mtu wa bondeni kwenye nyumba ya kaka yangu?"

"Theluji ikiisha anaondoka."

"Ataondoka leo. Hujui hawa? Wanamtuma mwanamke mbele, anahesabu mifugo, anaangalia nani mjane, nani hana mbwa. Wiki ijayo wanakuja wanaume."

"Mjane nimeshamwona," Nofezile akasema kutoka kwenye kigoda. "Mbwa sijaona. Na mifugo ni sita. Nikawaambie wanaume waje na lori?"

"Funga mdomo wako, kikongwe!"

"Umekuja kuongea na mimi au na shemeji yako? Farasi wa kijivu umemwona?"

Sekhobe alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Mamosa alikuona kule kuchelewa. Alimwona pia anavyofuta jasho kwenye baridi ile.

"Farasi wa kijivu wako wengi kama mawe," Sekhobe akasema. Kisha akamgeukia Mamosa, sauti imeshuka. "Ikifika jioni huyu bado yuko hapa, usije kwangu mwezi wa kulima."

Akaondoka. Puseletso na wanawake wengine watatu walikuwa wamesimama kwenye uzio wao wakitazama. Mmoja akatema mate upande wa nyumba ya Mamosa, bila kuficha.

Jioni ikafika, Nofezile akavaa koti lake.

"Unakwenda wapi?" Mamosa akauliza.

"Umesikia alivyosema. Una shamba wewe."

"Kaa chini."

"Mimi sikai kwa huruma ya mtu, binti."

"Mimi siyo binti yako, na siyo huruma. Hakuna mwanamume anayenipangia nani alale kwenye sakafu yangu. Kaa chini kabla sijabadili mawazo."

Nofezile akakaa. Usiku huo bakuli lake halikuwa lile lililovunjika.

*

Siku ya nne jua likatoka. Theluji ilikuwa bado nyingi, lakini njia ya katikati ya kijiji ilikuwa imekanyagwa. Mamosa aliamka na neno moja kichwani ambalo halikumwacha tangu juzi: kwa nini Sekhobe alikuja kwa miguu?

Alimwambia Nofezile anakwenda kuomba chumvi kwa Puseletso. Hakwenda huko. Alipanda mpaka nyumba ya Sekhobe, juu kabisa, karibu na majabali. Mke wa Sekhobe alikuwa kwa wazazi wake tangu mwezi uliopita. Farasi mwekundu ambaye Sekhobe humpanda hakuwepo zizini. Mamosa alikuja kujua baadaye kwamba Sekhobe alimpa mtu ampeleke kijiji cha mbali siku ile ile Nofezile alipoanza kuulizia, abebe vitu alivyotaka kuviondoa, na theluji ikamfungia farasi huko.

Nyumba ya nafaka, ile ya mviringo nyuma, ilikuwa imefungwa kwa kamba tu. Alifungua.

Jike la kijivu lilikuwa limesimama ndani gizani, tumbo limejaa mimba, likageuza kichwa likamtazama. Mamosa akasogea, akainua singa upande wa kulia, akapitisha kidole. Alihesabu vifundo saba, akarudia, akapata vinane.

Ndipo akatazama chini. Sekhobe alikuwa ametandika ngozi za kondoo sakafuni, mbili tatu juu ya nyingine, ili kwato zisisikike. Ngozi kuukuu, zilizokauka vibaya, zingine bado na kipande cha kichwa. Mamosa alichuchumaa. Akavuta moja mpaka kwenye mwanga wa mlango. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo kubwa, na chini yake pengo dogo.

Alivuta ya pili. Ya tatu. Alivuta mpaka ya tisa, akaacha kuvuta.

"Shemeji."

Sekhobe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka mazungumzo.

"Hizo nilizinunua," akasema. "Kwa mchuuzi. Sikuangalia alama."

"Uliwaona wakiteremka nao mpakani. Uliapa."

"Niliona watu."

"Ngozi za kondoo wa Ntsane ziko sakafuni kwako, Sekhobe."

"Mamosa, sikiliza. Una watu gani wengine hapa duniani? Mwanao Mosa yuko kiwandani Maseru, hata Krismasi haji. Nani anakulimia? Nani alikuezekea? Tusiharibu ukoo kwa ajili ya kikongwe wa bondeni. Kesho anaondoka, farasi nitampeleka mbali, yamekwisha."

Mamosa alisimama. Akashika singa za farasi.

"Nani alimpiga risasi kaka yako?"

Sekhobe alitazama pembeni, kwenye theluji. Halafu akasogea kando, akamwachia njia.

"Nenda nyumbani," akasema. "Ufikirie vizuri."

*

Alirudi nyumbani. Alimkuta Nofezile amefagia, amepanga vigoda, amesonga ugali, na jambo hilo likamtia hasira isiyo na kichwa.

"Nani alikwambia uguse unga wangu?"

"Nilikuwa na njaa. Na nilitaka ule ugali usio na mabonge mara moja kabla hujafa."

"Ondoka kwangu! Ulikuja kufanya nini? Nilikuwa nimekaa na mambo yangu! Nilijua nani adui yangu, nilikuwa nalala!"

Nofezile aliweka mwiko chini. Alimtazama vizuri, akamwona alivyo.

"Umemwona farasi wangu," akasema polepole.

Mamosa akaanza kulia, kilio cha kukaukwa, mabega yanaruka, hakuna machozi. Nofezile hakumgusa. Alisogeza kigoda, akakaa karibu, akangoja kama mtu anayengojea gari. Ilipopita, Mamosa akamweleza yote, na ngozi tisa.

"Umeingia humu ukijua," Nofezile akasema, "na ukaanza kugombania unga."

"Nimeshindwa kusema."

"Sasa umesema. Tunakwenda kwa chifu, au unakwenda kulimiwa shamba? Chagua wewe. Mimi nitakwenda peke yangu, na sitakutaja. Nitasema nimemnusa."

Mamosa alijipangusa pua kwa pembe ya blanketi. "Hawatakuamini wewe. Watakupiga mawe kabla hujafika."

"Basi?"

"Basi chukua kamba yako."

Walipita katikati ya kijiji wakiwa wawili, na milango ikafunguka mmoja mmoja. Walipofika kwa Chifu Letuka, nyuma yao kulikuwa na watu thelathini, na kelele. Chifu alitoka akiwa amejitanda blanketi mbili, mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno asiyependa kusimama. Alisikiliza. Alipojua wanayemsema ni Sekhobe, alitazama watu kwanza.

"Mwongo huyo!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Sekhobe ametulisha sisi!"

"Amelishwa dawa na huyo mchawi," Puseletso akasema. "Siku nne wamejifungia ndani. Mnadhani wanafanya nini?"

"Tunasonga ugali," Nofezile akajibu. "Wako ukoje?"

Donge la theluji likamgonga shavuni. Lilikuwa na jiwe ndani. Mamosa alijikuta amesimama mbele yake, mikono ameitanua, akipiga kelele ambazo hakujua anazo.

"Rusheni! Haya rusheni kwangu! Nimewazikia watoto wenu, nimewafulia, nimewakandia udongo wa nyumba zenu! Chifu, tuma mtu kwenye nyumba ya nafaka ya Sekhobe. Mmoja tu. Kama hakuna farasi mwenye vifundo vinane shingoni, na kama hakuna ngozi zenye alama ya Ntsane, mnizike leo na huyu juu yangu."

Chifu akashika kiuno chake. Kisha akatuma wazee wawili.

Walirudi na farasi. Mmoja wao, aliyekuwa akichunga na Ntsane utotoni, alikuwa amekumbatia ngozi, na hakumtazama mtu. Alizimwaga chini mbele ya chifu. Sekhobe hawakumkuta. Nyayo zake zilielekea majabalini.

Chifu akapitisha kidole shingoni mwa farasi, akasoma karatasi za Nofezile mara mbili, akasema farasi ni wake, na taarifa itakwenda polisi njia ikifunguka. Alisema kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kumeza. Watu hawakupiga vigelegele. Walitawanyika bila kuwatazama wale wanawake, na katika kutawanyika huko Mamosa alisikia sentensi aliyoitarajia, imesemwa na mtu nyuma ya kundi: "Sasa nani atatulimia?"

*

Mamosa alimsindikiza Nofezile mpaka kileleni, kwa sababu vijana walikuwa wamekaa kwenye uzio wa mwisho na mawe mikononi, na kwa sababu alitaka. Walitembea na farasi katikati yao. Juu kabisa, mahali ambapo nchi inaanguka upande wa pili na bondeni kunaonekana kijani hafifu chini ya mawingu, Nofezile akasimama kupumua.

"Twende wote," akasema. "Nina chumba. Kina mlango unaofungika."

"Nikaishi na watu wa bondeni? Nina akili zangu."

"Watakusumbua hawa."

"Wananisumbua tangu lini sijui. Nimewazoea. Wewe nenda, unanuka moshi wa nyumba yangu, watakufikiri Msotho."

Nofezile akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kibaya chenye kikohozi. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akachana kona, akaandika namba ya simu kwa mkono uliofungwa vitambaa. Mamosa aliichukua akaitia kifuani, na kwa kuwa hakujua la kusema, alimpiga farasi kofi la matakoni ili waondoke.

Polisi walikuja baada ya wiki mbili, wakaandika, wakachukua ngozi. Sekhobe hakupatikana. Wengine walisema yuko migodini, wengine wakasema amevuka mpaka, na Mamosa alilala mara nyingi akiwaza kwamba yule aliyeapa kuona watu wa bondeni sasa anajificha kwao. Swali alilomuuliza mlangoni halikujibiwa, wala halijajibiwa mpaka leo.

Kijiji kilimfanyia kilichoweza. Kisimani walinyamaza akifika. Puseletso aliziba njia ya mkato kwa miiba. Mwezi wa kulima ulipofika, maksai wa Sekhobe walikuwa wamegawanywa kwa ndugu za mke wake, wakalima mashamba yote mpaka mpakani mwa shamba la Mamosa, wakageuzia pale pale. Ulibaki mstari ulionyooka, udongo mweusi huku, majani makavu kule.

Akachukua jembe la mkono. Jumapili alipanda mlimani, mahali penye mtandao, akampigia Nofezile, wakagombana kama kawaida yao, nani anakula dakika za nani. Hakumwambia habari ya shamba. Mtu wa namna ile, ukimwambia, atadhani unaomba.

Ilikuwa siku ya sita anachimba, mgongo umekatika, aliposikia kikohozi. Nofezile alikuwa amesimama kwenye ule mstari, koti lile lile la kiume, begani jembe, na nyuma yake wanawake wawili vijana wa bondeni, wapwa zake, kila mmoja na jembe lake, wakitazama milima kwa mashaka.

"Nani amekwambia?" Mamosa akauliza.

"Unahema kwenye simu kama ng'ombe. Nilijua unachimba."

"Watawarushia mawe usiku."

"Wapwa zangu hawa wamekulia kwenye harusi za kwetu, zisizoisha bila kurushiana mawe. Mawe wanayajua."

Walikaa siku tisa. Usiku wa kwanza mawe yalipigwa juu ya paa, na wapwa wakatoka wakayarudisha, kwa shabaha nzuri kuliko yalivyokuja. Usiku wa pili hayakuja. Watu walipita kando ya shamba wakiangalia mbele, hakuna aliyesalimia, isipokuwa yule mzee aliyebeba ngozi. Siku ya saba alisimama, akavua kofia yake, akaivaa tena, akaenda zake.

Siku ya tisa walikuwa wanapanda mwisho wa shamba. Nofezile alikuwa nyuma akifukia mbegu kwa kisigino.

"Unafukia chini mno," Mamosa akasema.

"Huku kwenu kuna baridi. Lazima ziende chini."

"Zitaoza."

"Zikioza utanipigia simu unitukane."

"Nitakutukana."

"Kwa dakika zako, siyo zangu," Nofezile akasema, akasogea hatua moja mbele, akafukia nyingine chini vile vile.